Doa Jeupe Mnarani

Napoli, mtaa wa Santa Lucia
Tarehe 9 Aprili, 1834

Kwa Catello Langella, Mkuu wa Chama cha Kengele, Pietracotta.

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi yangu Nunziata na watoto, na kwamba kifua chako kimetulia baada ya baridi ya mwezi wa pili. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sitini na mitatu. Goti la kulia linanisumbua ninapopanda ngazi za karakana, na macho siku hizi yanaona mbali kuliko karibu, lakini mkono hautetemeki, nami sikuomba zaidi ya hapo. Tini kavu mlizonitumia zilifika salama, isipokuwa za tabaka la juu, ambazo mwenye mkokoteni alizila njiani akakiri mwenyewe kabla sijamuuliza. Mwambie wifi nimeshukuru sana.

Hapa mlima umenyamaza, na mlima ukinyamaza sisi ndio tunapata kazi. Wageni wanashuka kutoka kwenye magari yao wamenuna, kama watu walioalikwa harusini wakaambiwa bibi arusi ameahirisha. Hawakutoka nchi za theluji kuja kutazama moshi wa chungu. Basi wanapanda kwetu wachoraji kununua moto wa karatasi, wakaupeleke kwao na kuapa kwamba waliuona kwa macho. Wiki iliyopita niliuza mlima unaowaka kwa bwana mmoja aliyeniuliza kama ninaweza kuongeza moto kidogo upande wa kulia. Nikamwongezea. Moto wa kuongeza ninao.

Sasa nije kwenye barua yako ya tarehe ishirini Machi. Nimeisoma mara nne: mara tatu kama dada yako, na mara ya nne kama fundi. Jibu letu wote wawili ni moja. Simfuti.

Ili usiseme nimezeeka na kumbukumbu zimenipotea, nitaandika mambo kama yalivyofuatana. Mwezi wa kumi, Chama chako kiliniletea ombi la picha ya shukrani, ya kutundikwa kanisani mwezi huu wa sita unaokuja, utakapotimia mwaka wa arobaini tangu moto. Maagizo yalikuwa wazi. Mlima uwake, kanisa la zamani lionekane na mnara wake, Mtakatifu msimamizi wetu awe juu ya wingu ameshika kamba, na kengele ilie bila mtu. Chini, pwani, watu wa mtaa wa juu wawe wamepiga magoti. Kila mtoto wa Pietracotta amenyonya hadithi hiyo pamoja na maziwa: mnara ulikuwa umefungwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba yetu sakristani, hata hivyo kengele ililia yenyewe alfajiri, na watu mia tatu wa mtaa wa juu wakaamka wakashuka baharini kabla lava haijalifunika kanisa. Kwa ajili ya hilo mnabeba kamba ya mfano katika maandamano kila mwaka, na wewe unatangulia kwa sababu ni mwana wa mwenye ufunguo.

Hadithi hiyo ina mkia, na kila mtoto anafundishwa mkia huo pia. Kwamba Filumena, aliyeitwa Kiguru kwa ajili ya mguu wake, na aliyekuwa akiuza dengu za chumvi mlangoni pa kanisa kwa kuwa paroko wa wakati ule alimkataza kuingia ndani, alimtupa mwanawe njiani alfajiri ile, akarudi kuiba vinara vya fedha vya altare, akatokomea. Mpaka leo mtoto akidokoa sukari Pietracotta anaambiwa ana mkono wa Filumena.

Niliichora picha mliyoiagiza. Mlima unawaka, kanisa lipo, na watu wamepiga magoti. Mtakatifu nimemweka juu ya wingu kama mlivyotaka, ila amekunja mikono kifuani na kutazama, kwa sababu kamba imeshikwa na mwingine. Ndani ya tao la kengele nimemchora mwanamke mwenye aproni nyeupe, mkubwa wa kutosha kuonekana kutoka kwenye viti vya nyuma kabisa.

Mliupokea ubao mwezi wa pili. Siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi ukarudishwa, umefunikwa blanketi, uso chini kama maiti ya mtu asiyetakiwa kutambuliwa, juu ya mkokoteni wa Mastro Biagio mtengeneza mapipa. Alipanda na barua yako mkononi, akakaa, akala pete zangu za unga na lozi, na alipomaliza ya tano ndipo akakumbuka kuuliza kama nimezipika kwa mafuta ya nguruwe, maana ilikuwa Kwaresima. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi dhambi ni yangu niliyempa, akachukua ya sita.

Biagio hakuja kwa ugomvi, na namwandikia haki yake. Alisema Chama kina watu kumi na wawili na hakuna aliyelala vizuri tangu ubao uingie. Mke wake aliutazama, akafanya ishara ya msalaba, kisha akauliza kwa nini Mtakatifu amevaa aproni. Biagio akamwambia yule si Mtakatifu. Mke akauliza, basi Mtakatifu anafanya nini? Hapo, alisema, ndipo kichwa kilipoanza kumuuma.

Akaniambia, “Donna Carmosina, wewe ni fundi na sisi ni wateja. Mteja akisema toa mwanamke, fundi anatoa mwanamke. Mimi mtu akiniambia pipa langu lina ubao mmoja wa ziada, silii.”

Nikamuuliza, ukiutoa ubao huo, pipa linashika mvinyo? Akajikuna shingo, akasema wanawake wa familia ya Langella walilishwa siki utotoni.

Barua yako haikuwa na mzaha kama yeye. Uliandika kwamba picha ya shukrani ni ya waliookoka, na aliyekufa hana shukrani ya kutoa. Kanuni hiyo naijua, Catello. Nimewachorea watu wa mashamba picha hizo kwa miaka mingi: aliyeanguka kisimani akatoka, aliyekanyagwa na nyumbu akainuka. Sijawahi kumchora aliyebaki kisimani. Lakini kanuni hiyo hiyo inataka aonyeshwe aliyeokoa, awe juu ya wingu au juu ya ngazi. Uliandika pia kwamba namchafua baba aliye kaburini. Na mwishoni ukaandika kwa upole, kama mtu anayembembeleza bibi kizee, kwamba ni kazi ndogo tu, kitambaa kibichi na robo saa.

Kweli, kwa kawaida ni kazi ya robo saa. Ngoja nikueleze kazi yetu, maana umekula matunda yake bila kuitazama. Mjomba Ferrante, aliyenichukua baada ya moto nikawe msaga rangi wake, alikuwa na sheria moja ya kuchora mlima: mwezi kushoto, moto kulia, nzi chini. Nzi ni wale watu wadogo wanaosimama mbele na kunyoosha vidole. Kwanza tunachora mlima, kisha bahari, kisha majengo. Majengo yakikauka tunayapaka ute wa yai. Mwisho kabisa, juu ya ute huo, tunaweka nzi kwa ncha ya brashi, kwa sababu mteja mmoja anataka nzi wengi na mwingine anataka wachache. Asiyemtaka nzi, unalowanisha kitambaa, unapangusa polepole, na ukuta uliokuwa nyuma yake unatokea mzima, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kusimama hapo.

Katika kila picha niliyoichora tangu nilipopewa brashi yangu mwenyewe, kuna mnara mdogo chini ya mlima, na ndani ya tao lake kuna doa jeupe, dogo kuliko punje ya mtama. Mjomba aliliona mwaka wa kwanza akauliza ni nini. Nikasema ni njiwa. Akasema njiwa hakai mnarani mlima ukiwaka. Nikasema huyu ni mjinga. Mwingereza mmoja alilikwaruza kwa ukucha akidhani ni uchafu, nikamtoza picha nzima. Doa hilo sasa limetundikwa katika kumbi za miji nisiyoijua hata majina, na hakuna aliyelielewa. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba huko ni kusema.

Siku ile Biagio alipokwenda kulisha nyumbu wake, alimwacha mlangoni mtu aliyekuja naye mkokotenini kuleta nguo za nyumba moja ya hapa mjini. Alikuwa Rachele dobi. Unamfahamu, kwa kuwa ndiye anayefua kanzu nyeupe za Chama chako kila mwezi wa sita, kisha anasimama kizingitini pake kutazama zikipita, maana binti wa mwizi habebi mshumaa. Vijana wenu wanamwita Vinara. Anaitika, kwa sababu amechoka kutoitika.

Nilimkaribisha ndani, akakataa, akasema viatu vyake vina tope. Blanketi lilikuwa limeteleza kwenye ubao. Aliutazama kutoka pale pale mlangoni kwa muda mrefu, kikapu kichwani. Kisha akauliza nani yule juu. Nikaliondoa blanketi lote. Akasema, “Yule anachechemea hata akiwa amesimama.”

Catello, nimewauzia moto mabwana wanaojidai kujua picha, na hakuna aliyewahi kuona kitu katika kazi yangu kama alivyoona yule mwanamke mwenye kikapu. Nikamwambia atue mzigo aingie na tope lake. Nilimweleza yote. Niliyomwambia yeye ndiyo nakuambia wewe sasa. Kama unaisoma barua hii mbele ya Chama, usinyamaze hapa. Endelea kwa sauti.

Ufunguo wa mnara ulitundikwa msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni. Mchana wa kuamkia moto niliutwaa bila ruhusa, nikapanda kuchora mlima kwa mkaa, kwa sababu ulikuwa ukitoa moshi siku ya tatu, na kwa sababu msichana hakuruhusiwa kupanda. Paroko alikuwa amekataza kengele isipigwe, kwa kuwa matetemeko yalitia mnara ufa, na kamba ilikuwa imevutwa juu na kufungwa. Mama aliniita nikiwa bado juu. Nilishuka mbio nikaurudisha ufunguo msumarini, wala sikuufunga mlango. Baba aliutia ufunguo mfukoni alfajiri akiamini mlango umefungwa, kwa sababu aliufunga mwenyewe siku tatu nyuma. Hapo hakusema uongo. Uongo ulikuja baadaye.

Kabla ya mapambazuko mlima ulipasuka ubavuni, chini, upande wetu wa bahari. Sisi wa mtaa wa chini tuliuona moto. Wa mtaa wa juu walikuwa nyuma ya kilima. Walikuwa wamekesha wakisali usiku mara tatu mfululizo, na mara hii walilala, na ngurumo walikwisha kuizoea. Wewe ulikuwa kwa bibi, mtaa wa juu. Baba alimbeba mama aliyekuwa na homa. Jirani mmoja akapiga kelele kwamba wa juu wamekwisha kushuka kwa njia ya korongo, nasi tukaamini, maana ilikuwa rahisi kuamini.

Mimi nilibaki nyuma na furushi. Pale penye chemchemi nikakutana na Filumena, anapanda wakati watu wote wanashuka, mtoto mgongoni. Akaniambia wa mtaa wa juu bado wamelala, ametazama njia ya korongo na hakuna hata mbuzi. Akauliza baba yangu yuko wapi, kengele ipigwe. Nikasema baba ametangulia na ufunguo. Kisha nikasema, kwa sababu lilinitoka kabla ya kufikiri, kwamba mlango uko wazi, mimi ndiye niliyeuacha.

Akasema, “Basi kimbia wewe. Una miguu.”

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ngazi zile nilizijua gizani, vidato sitini na kimoja. Kanisa lilikuwa karibu kama kutoka mlangoni kwako mpaka kwa mwokaji. Nilijua uko juu kule, umelala, nawe ulikuwa na miaka sita. Nikasema siwezi.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alifungua mbeleko, akanipa mtoto kifuani, akasema, “Mshike huyu, nakuja sasa hivi.” Akaenda. Watu waliopishana naye ndio walioeleza baadaye kwamba walimwona amemtupa mtoto na kurudi kanisani. Hawakusema uongo kuhusu walichokiona.

Nilikuwa sijafika pwani kengele ilipoanza. Ilianza vibaya, kwa pigo la kukosea, kama mtu ambaye hajawahi kushika kamba maishani. Kisha ikashika mwendo. Niligeuka nikamwona ndani ya tao, aproni yake ikipanda na kushuka, na nyuma yake kumekuwa kwekundu. Alipiga mpaka bibi alipotokea njia ya korongo amekushika mkono, wewe umevaa kiatu kimoja na unalilia kingine. Kisa cha kiatu hicho unakipenda. Umewasimulia wanao mara nyingi. Kengele uliyoisikia ukilia ilipigwa na Filumena. Alipiga hata baada ya hapo, kwa ajili ya wengine. Kisha lava ikafika mlangoni. Mnara ukainama, polepole kuliko nilivyodhani mnara unaweza kuinama, na sauti ikakatika katikati ya pigo.

Jioni ile, kati ya mashua zilizopinduliwa, baba alimwonyesha paroko ufunguo, na paroko akapiga magoti mchangani, na watu wote wakafuata. Mimi nilimvuta baba pembeni nikamweleza yote, huku mtoto amelala mapajani pangu. Baba alilia. Kisha akaniambia, “Nyamaza. Watu hawa wamepoteza nyumba. Usiwapotezee na mtakatifu.” Akasema pia kwamba Kiguru hana wa kumlilia. Alisema hivyo akimtazama yule mtoto. Asubuhi tulimpeleka kwa watawa.

Nilinyamaza. Sikuwa nikimlinda baba peke yake. Kama ningesema nani aliyepiga kengele, wangeuliza ni nani aliyekuwa na miguu miwili akakataa. Na vinara viliposemwa, sikufungua kinywa pia. Kanisa zima lilizama, sanamu, viti na altare yenyewe, na Pietracotta ikaamua kwamba vinara tu ndivyo viliibiwa. Fedha ikikutana na lava huyeyuka. Mngemuuliza sonara yeyote. Hakuna aliyeuliza, hata mimi.

Rachele alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunisamehe, wala sikumwomba. Aliuliza jambo moja tu: mama yake alipiga kengele kwa muda gani. Nikamwambia, tangu nikiwa njiani kwenda pwani mpaka watu mia tatu waliposhuka. Akasema huo ni muda mrefu kwa mtu wa mguu wake. Akajitwisha kikapu, na kutoka mlangoni akasema kwamba kanzu za Chama mwaka huu mtafute mtu mwingine wa kuzifua. Biagio alisikia hilo akiwa ngazini, akavua kofia akampisha apite.

Sasa sikiliza ninachotaka, mdogo wangu, maana siombi. Ubao unarudi kwenu kwa mkokoteni huu huu, uso juu, bila blanketi, upite vijiji vyote vya njiani watu wautazame. Mtautundika au hamtautundika, hilo ni la Chama. Lakini siku ya maandamano nitakuja na goti langu hili. Nitasimama kizingitini kwa Rachele, na kama atakubali kunitazama, nitampa mshumaa mkononi na tutaingia mstarini. Atakayetaka kututoa na atutoe kwa mkono wake, mbele ya watu. Nikiulizwa, nitaeleza niliyokuandikia, kuanzia msumarini mpaka mchangani, pamoja na neno langu la pale kwenye chemchemi. Waniite watakavyoniita. Jina la kuitwa linapatikana haraka Pietracotta; Rachele ameishi na lake miaka arobaini na bado anafua nguo zikatakata.

Kuhusu baba, nilimpenda, na ninamlipia misa kila mwezi wa kumi na moja. Alikuwa mwoga siku moja na mwongo miaka mingi, na mimi ni binti yake kwa yote mawili. Usinifundishe heshima yake. Nilikuwepo.

Na kuhusu kitambaa kibichi. Ninakijua Chama chako, najua kuna atakayesema, mwacheni mzee apige kelele, tutampangusa wenyewe. Hakuna wa kuwazuia. Rangi yangu ni ya maji, itatoka. Lakini ujue nilivyofanya. Picha hii sikuianza na mlima. Nilimwanza yeye, kwenye ubao mtupu, siku ya kwanza, mkono wangu ukiwa bado na nguvu za asubuhi. Kisha nikachora tao likimzunguka, mnara ukizunguka tao, kanisa, pwani, ninyi mliopiga magoti, na moto mwisho wa yote. Nyuma yake sikuchora ukuta, wala kengele, wala anga. Ukimpangusa, kitakachotokea ni mbao tupu katikati ya mnara, tundu lenye umbo la mwanamke anayechechemea, na litaonekana kutoka viti vya nyuma. Mkimwita fundi mwingine alijaze, atawaambia ninachowaambia bure: rangi hii ikikauka hubadilika, na kiraka chake hakifanani kamwe na kilichokizunguka. Kila mtoto atakayeletwa kanisani atauliza hapo palikuwa na nini. Na kwa kuwa barua hii imesomwa kwa sauti, wakubwa watakuwa wanajua.

Unisalimie wifi yangu Nunziata, na umwambie asikasirike. Tini zake zimenisaidia kuandika. Wasalimie wanao mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie shangazi anamletea brashi. Msalimie Mastro Biagio na mkewe, na umweleze mkewe kwamba aliuliza swali zuri. Kifua chako ukifunge kwa sufu mpaka mwezi wa tano uishe, hata kama jua litakudanganya. Mungu akulinde, na akupe usingizi, ila si leo.

Ni mimi dada yako, niliyeuacha mlango wazi,

Carmosina Langella